Mlio wa Mkono wa Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha kiasi kwamba nilipoanza barua hii nilijikuta nimeandika jina la mume wangu pembeni mwa karatasi kama mwanafunzi, nikaichana, nikaanza upya, kwa hiyo nivumilie nikipotea njia, maana kila nikitaka kueleza shida yangu naanza kueleza uzuri wake, na uzuri wake hauishi. Nimeolewa majuzi tu. Maua ya harusi yamenyauka lakini sijayatupa, yako kwenye chupa juu ya friji, na mume wangu kila akipita kwenda kunywa maji huyapigia saluti. Nakuomba unisaidie kuamua jambo la mkono wake wa kulia, na nakuomba unijibu kabla ya Jumanne, kwa sababu Jumanne ndiyo siku ambayo daktari ametutengea, na mwenye kusema twende au tusiende ni mimi.

Mume wangu ni fundi vitasa. Anafunga vitasa vipya, anafungua milango ya watu waliopoteza funguo, anakaza bawaba, anazungusha bisibisi tangu asubuhi hadi jioni, na kazi yake anaipenda mpaka tukienda kumtembelea mtu lazima kwanza aupapase mlango wa mwenyeji. Mimi nauza mapazia. Siku kitasa cha duka letu kilipogoma, tajiri wangu aliita fundi, akaja huyu kijana mrefu na sanduku lake la bati, akapiga goti mbele ya mlango kana kwamba anauposa, akaanza kuzungusha bisibisi, mimi nipo juu ya ngazi na pazia la bluu mabegani, mara nikasikia "tok!" Nikamuuliza, "Fundi, umeshakivunja?" Akageuka akacheka, akasema, "Kitasa kizima dada, huo ni mkono wangu," akaunyanyua, akauzungusha kama anayefungua mlango hewani, "tok!" tena, nami nikashuka ile ngazi nimeshapenda, pazia bado liko mabegani.

Tangu siku hiyo mlio ule ukawa wetu. Alikuwa akipita nje ya duka ananyanyua mkono nyuma ya kioo na kuuzungusha, sisikii kitu lakini najua, na siku ya harusi mjomba wake alipohutubia kwa urefu, mume wangu alinishika mkono chini ya meza, "tok," maana yake nakupenda, halafu "tok, tok," maana yake huyu mzee atamaliza lini, nikacheka mbele ya wageni wote hadi mama mkwe akanikata jicho. Ananiita Bi Pazia. Kitasa cha nyumba yetu alikifunga mwenyewe siku chache kabla ya harusi, cha shaba, kizito, kina mlio mtamu kikifunguka, na haniruhusu kukigusa. Jioni tukirudi wote wawili, hata kama ana mizigo, ananiambia, "Bi harusi hafungui mlango wangu," anauingiza ufunguo, anauzungusha, anainama kidogo kama mhudumu wa hoteli, mimi naingia kama malkia, na majirani wameshatuzoea.

Sasa mshauri, mkono wenyewe unauma.

Unauma upande wa kidole kidogo, pale kwenye kifundo, na umekuwa ukimuuma tangu kabla hatujajuana ila yeye alikuwa akisema ni uchovu. Kufungua kifuniko cha chupa ni shida, kukamua nguo ni shida, sufuria ikijaa anaishika kwa mkono wa kushoto na kujifanya anacheza. Siku hizi mlango wetu anaufungua kwa mikono miwili. Kila jioni namkanda kwa mafuta ya uvuguvugu, nauvuta ule mkono taratibu mpaka ulie "tok," tunacheka, ananiambia, "Umenijibu," na nikikwambia ukweli saa ile naipenda kuliko saa nyingine zote za siku, na hapo ndipo ninapoona haya.

Tulikwenda hospitali baada ya ufunguo kumshinda kabisa asubuhi moja. Daktari wa mifupa ni mama mfupi mwenye sauti kubwa, akaulaza mkono wa mume wangu mezani, akabonyeza ile ncha ya mfupa inayochomoza juu ya kifundo, ikazama, akaiachia, ikaruka juu kama kitufe cha redio. Akatuonyesha picha ya eksirei.

"Mkono una mifupa miwili hapa," akasema. "Huu wa upande wa kidole kidogo umemzidi mwenzake urefu. Kidogo tu, lakini kila ukizungusha bisibisi unaligonga gegedo lililokaa hapa mbele yake kama mto. Umeligonga miaka yote hii. Sasa limelika, limetoboka, na kano zinazoishikilia mifupa hii miwili zimelegea. Ndiyo maana kifundo kinachezacheza."

"Kama bawaba iliyolegea," mume wangu akasema.

"Kama bawaba iliyolegea."

"Basi ikaze, daktari."

"Ndicho ninachotaka kufanya."

Akaeleza kwamba kwanza ataingiza kamera ndogo kwenye tundu dogo, asafishe zile kingo za gegedo zilizochanika, kisha ataukata ule mfupa mrefu, atoe kipande chembamba tu, aziunganishe ncha zake kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa ukiwa mfupi unaacha kugonga, na kano zilizolegea zinavutika zinakaza, kiungo kinatulia. Mimi nilikuwa nimeshashika kiti kwa mikono yote miwili. Unajua mume wangu aliuliza nini?

"Skrubu zenyewe ni za kichwa gani?"

Daktari akafungua droo akatoa bamba la mfano na skrubu zake, mshauri, wakainama wote wawili kama watoto wenye gari la kuchezea, mume wangu akapitisha ukucha kwenye meno ya skrubu, akasema, "Hii ina meno mazuri, nani anawauzia?" na daktari akasema, "Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa mafundi." Nikajiuliza, hivi mfupa unaozungumzwa hapa ni wa nani?

Ndipo nikauliza, "Na mlio, daktari?"

"Mlio gani?"

Mume wangu akauzungusha mkono, "tok," akinitazama mimi. Daktari akakunja uso kama aliyekanyaga mwiba. "Huo tukifanikiwa utaisha. Kwani kuna mtu anautaka?"

Nikainama kutafuta mkoba wangu chini ya kiti.

Kwenye ngazi za hospitali mume wangu alisimama akaniambia, "Bi Pazia, ukisema niende, naenda. Ukisema tusubiri, tunasubiri. Mkono huu nimeshakupa." Ni nani asiyeyeyuka akiambiwa hivyo? Nikasema tusubiri kidogo, ndoa bado changa, tusianze na hospitali, naye akashusha pumzi, tukaenda kunywa soda. Lakini sababu ya kweli ilikuwa ule mlio. Pesa safari hii si shida, bima ya chama chao cha mafundi inalipa, kwa hiyo usinishauri kuhusu pesa. Nilichoogopa ni kwamba watamrudisha kwangu na mkono usioniita.

Halafu mama mkwe akasikia. Akaja na kanga yake begani, akakaa sebuleni, akakataa hata maji, akaniambia, "Mwanangu ameondoka kwangu na mifupa yake yote mizima. Wewe umekaa naye juzi tu, tayari mnataka kumkata?" Nikamwambia, "Mama, bado hatujaamua." Akasema, "Basi uamue vizuri. Mkono ukifa, sitakwenda kumuuliza daktari. Nitakuja kukuuliza wewe."

Ile Jumanne ya upasuaji aliyotutengea daktari hatujaifuta, na ningeendelea kusubiri hivyo hivyo mpaka ipite, ila wiki iliyopita yametokea mawili. La kwanza, bibi mmoja anayeishi peke yake alimpigia simu jioni, akasema, "Fundi, mlango uliokuja kunitengenezea umefunguka wenyewe kwa upepo." Zile skrubu za mwisho hakuwa ameweza kuzikaza, mkono ulimkatalia, akaona aibu kumwambia. Alirudi kule akaukaza kwa mkono wa kushoto, na aliporudi nyumbani hakuyapigia maua saluti. La pili, tulikuwa kwa mama mkwe, watu wamejaa, mimi nipo huku na sahani yeye yuko kule na wajomba, akanyanyua mkono akanipigia ule mlio wetu, nikatabasamu, nikageuka, halafu sijui kwa nini nikageuka tena kumtazama. Alikuwa ameuelekea ukuta, amekishika kifundo chake kwa mkono mwingine, amefumba macho. Jasho limemtoka. Alipoyafumbua akaniona namwona, akatabasamu haraka haraka.

Hajasema chochote nami sijasema chochote. Sasa mshauri, nimwambie aende? Na mkono ukiharibika, mama yake nitamtazamaje usoni, mimi mgeni kwenye familia ya watu? Na ukipona, ukinyamaza kabisa ule mkono, nitajuaje akiwa upande wa pili wa chumba kwamba ananiwaza? Najua swali la mwisho ni la kijinga lakini ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote, kwa hiyo nimeliandika. Jumanne inakuja.

Ni mimi,
Bi Harusi Mbichi

MSHAURI ANAJIBU

Bi Harusi Mbichi, hongera kwa ndoa, na tupa hayo maua, yanaleta wadudu.

Nimeisoma barua yako nikicheka mpaka nilipofika ukutani. Pale nilivua miwani. Umeandika kurasa za mapenzi matamu, na kwenye mstari mmoja tu, karibu na mwisho, umeniambia kwamba mumeo anakuambia anakupenda kisha anageukia ukuta kuugulia. Ungeanza na mstari huo, mwanangu, tungemaliza mapema.

Tuseme mambo yalivyo. Huo mlio ni mfupa unaohama mahali pake juu ya gegedo lililotoboka. Kila anapokupigia, anakisaga kiungo kinachomlisha. Na wewe jioni, kwa mafuta yako ya uvuguvugu na nia yako nzuri, unakivuta ili kisagike tena, halafu mnacheka! Sikusudii kukuumiza, hukujua. Ila sasa unajua. Kuanzia leo jioni, hakuna kuvuta. Mafuta yahamie mabegani. Anayo mawili, hayajapasuka, nayo yanapenda kukandwa. Na kile kifundo akifunge ile bandeji ngumu ya kushikilia, hospitali wanazo, mpaka Jumanne.

Mimi si daktari, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari wa mifupa ninayemwamini, bila kukutaja. Alisema maumivu ya namna hii yakiwa machanga hutulizwa kwa kupumzika, kwa bandeji na kwa sindano, lakini gegedo likishalika na kutoboka, mfupa ukawa mrefu, na kiungo kikaanza kuchezacheza, hiyo njia aliyoeleza daktari wenu ni njia inayojulikana na imewasaidia wengi. Alisema pia usiichukulie kama uchawi. Mfupa uliokatwa huchukua miezi kuunga, na wengine huchelewa. Bamba huweza kumkera baadaye likahitaji kutolewa. Mkono huweza kubaki mgumu kidogo kama mazoezi yatafanywa kivivu. Na sigara huuchelewesha mfupa sana. Hukuniambia kama anavuta, na kama anavuta, aache leo. Nilimuuliza, je, wakisubiri? Akasema kulika hakusubiri ndoa ikomae. Kunahamia kwenye vijifupa vya jirani, na siku mtakayokwenda huenda kukawa na kidogo cha kuokoa.

Sasa nije kwa bwana harusi. "Mkono huu nimeshakupa." Maneno mazuri, hata mimi ningekunywa soda. Lakini hebu rudi mwanzo uisome barua yako mwenyewe. Uliposema msubiri, alishusha pumzi. Umeliandika wewe, ukapita haraka kama mtu aliyekanyaga paka. Mwanamume anayeuliza skrubu ni za kichwa gani mara nyingi ni mwanamume anayeogopa kuuliza kama itamuuma, kama ataamka salama, kama ataishika tena bisibisi. Amekupa wewe uamuzi kwa sababu ni mzito, na wewe ukaupokea kwa sababu ulifungwa utepe kama zawadi. Mrudishie. Mwambie, "Nilikuona ukutani." Kisha mwulize anaogopa nini, unyamaze, usicheke, usimshike mkono, usimwokoe kwa mzaha hata akikutazama kwa yale macho yake. Akimaliza kusema, mwambie kwamba mkono ni wake, uamuzi ni wake, na kwamba wewe kwa upande wako unataka aende. Hayo mawili yanaweza kukaa kwenye sentensi moja.

Na wewe pia una jambo la kumwambia. Mwambie kwamba ulisema msubiri kwa ajili ya mlio. Atacheka. Aibu yako itaisha hapo hapo.

Mama mkwe usigombane naye. Yule mama hajakuchukia, ameogopa, na mtu mwenye hofu hukamata aliye karibu. Daktari anayeweza kumfurahisha fundi kwa skrubu ataweza pia kumwonyesha mama picha. Pigeni simu hospitali kesho asubuhi, muombe nafasi kabla ya Jumanne, muende watatu. Mama akae mbele, wewe ukae nyuma. Aulize yeye. Aulize mkono ukifa itakuwaje, kwa sauti ile ile aliyokuulizia wewe, na daktari mwenye sauti kubwa ajibu. Kisha umwambie hivi: "Mama, mkono ukiwa kwenye plasta mimi nitakuwa dukani mchana. Naomba uje ukae naye." Hapo utaona kanga inavyokunjwa na maji yanavyonyweka.

Kuna jambo moja nisiloweza kulifumbia macho. Yule bibi anayeishi peke yake. Mlango uliokazwa kwa mkono wa kushoto kwa aibu, mimi siuamini, na mumeo kama fundi hapaswi kuuamini pia. Kabla ya Jumanne ampeleke fundi mwenzake akauangalie, na amwambie bibi ukweli. Wateja wengine nao awaambie kwamba atakuwa mapumzikoni na nani atawahudumia. Fundi anayesema "mkono wangu mgonjwa" hupoteza kazi ya msimu. Fundi ambaye milango yake inafunguka kwa upepo hupoteza jina.

Akitoka hospitali atakuwa msumbufu, nakuonya. Atataka kujaribu bisibisi kwa mkono wa kushoto, "kidogo tu, Bi Pazia." Lile sanduku la bati ulipeleke dukani kwako, ulifiche nyuma ya mapazia mazito yasiyonunulika. Akipangiwa mazoezi ya kiungo, umhesabie kwa ukali kama mwalimu wa michezo, na siku daktari atakaposema mfupa umeunga, sanduku umrudishie wewe mwenyewe, limefutwa vumbi.

Limebaki lile swali lako la kijinga, ambalo kwa kweli si la kijinga. Umeolewa na mtu, hukuolewa na kiungo. Lakini naelewa, nyumba inataka mlio wake.

Siku mtakayorudi kutoka hospitali mtafika mlangoni, yeye mkono umening'inia shingoni, mama yake nyuma yenu na mfuko wa nguo. Atataka kuingiza ufunguo kwa mkono wa kushoto, maana bi harusi hafungui mlango wake. Mnyang'anye. Uingize wewe, uzungushe wewe, mpaka kile kitasa cha shaba alichokifunga kwa ajili yako kitoe ule mlio wake mtamu. Kisha uiname kidogo, kama mhudumu wa hoteli, umpishe aingie kama mfalme. Ataelewa umesema nini.